Ngamia Ambaye Sikuwa Naye

Nikipita sokoni Garissa mpaka leo kuna watu wanaonyosha shingo na kulia kama ngamia, nami hucheka nao, maana nikikasirika wataongeza sauti. Wengi mmeshaisikia habari yangu kwa midomo ya wengine na kila mdomo umetia chumvi yake (kuna mmoja Wajir anasema niliiba ngamia kumi, wallahi hata kamba ya ngamia sijaiba), kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe. Aibu ni yangu, basi na maneno yawe yangu.

Shule niliachana nayo darasa la sita. Sikugombana na mtu, ni kwamba siku moja lori lilikuwa linaenda Rhamu na mimi nilitaka kuuona mto Daua. Nikauona. Tangu hapo nimepalilia vitunguu huko huko Rhamu, nimeuza vikasha vya simu Nairobi, nimekarabati simu kwenye kibanda kambini Dagahaley, nimekaa Moyale miezi minne nikifanya kazi ambayo hata mimi siikumbuki. Dada yangu Hodan, mwenye duka la sukari na unga pale mtaa wa Iftin, ndiye hunipa pa kulala kila ninaporudi, na yeye husema kila kitu nakigusa na hakuna ninachokimaliza.

Basi mwaka huo nikagusa kompyuta. Nilikuwa nashinda saiba moja karibu na msikiti, natazama video za watu wanaofundisha kutengeneza tovuti, na baada ya wiki tano nikawa na tovuti yangu mwenyewe. Niliipa jina Baadi. Kwetu baadi ni mnyama aliyepotea, na mwenye kumpoteza huzunguka kisima hadi kisima, siku tatu, siku kumi, akieleza rangi na chapa mpaka apate mtu aliyemwona. Nikasema, mtu atembee siku kumi na simu iko mfukoni? Aliyepoteza ataandika kwangu, aliyeokota ataandika kwangu, wakutane, wanishukuru. (Mjue pia kwamba mimi ni mtoto wa mjini, ngamia nawajua kwa maziwa na kwa nyama, lakini jambo hilo halikunisumbua hata kidogo.)

Siku niliyoizindua nilinunua soda mbili, moja yangu, moja ya Hodan. Wiki ya kwanza wakaja wageni wanne. Wa kwanza alikuwa mimi kwa simu, wa pili mimi kwa kompyuta ya saiba, wa tatu Hodan baada ya kumshikia simu mbele ya uso, na wa nne alitoka nchi moja ya baridi ambayo sijui inapakana na nini. Huyo nilimfurahia sana, nikawa najiuliza amepoteza mnyama gani huko kwenye theluji, mpaka kijana wa saiba akaniambia huyo si mtu, ni mashine inayozunguka mtandao ikichungulia kila mlango. Wiki ya pili hata mashine haikurudi.

Nikabandika karatasi nguzo za stima, mbuzi wakazila. Nikaenda mnada wa mifugo kuwaeleza wazee, nao wakaniuliza kama hiyo tovuti ina maji. Nikasema haina. "Sasa mnyama atakuja huko kufanya nini?" wakacheka mpaka nikaondoka.

Hapo ndipo nikafanya kile kitu kidogo.

Kwenye simu yangu nilikuwa na picha ya ngamia jike niliyoipiga mnadani mwaka uliotangulia, kwa sababu tu alikuwa ananitazama kwa dharau na nikaipenda dharau yake. Shingoni upande wa kushoto alikuwa na chapa safi kabisa, duara lililokatwa na mstari. Nikaiweka kwenye tovuti na kuandika: "Amepatikana ngamia jike, chapa ya duara lililokatwa na mstari, shingo ya kushoto. Mwenyewe afike Iftin, duka la Hodan." Chini yake nikaweka namba yangu ya simu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba tangazo la kilichopotea halimvuti mtu, kila mtu ana hasara zake, lakini neno "amepatikana" linamvuta hata asiyepoteza kitu. Watu watakuja kutazama, na kesho yake nitaandika mwenyewe ameshamchukua, alhamdulillahi, mambo yamekwisha. Uongo wa siku moja tu, tena wenye mwisho mwema.

Nikatuma anwani kwenye magrupu ya simu, nikaingia kulala mchana wa joto.

Nilipoamka wageni walikuwa wengi kuliko wote niliowahi kuwa nao maishani, na wakaongezeka nikiwa nawatazama. Nilifurahi mpaka nikampiga Hodan makofi ya mgongoni. Nisichojua ni kwamba mtu mmoja alikuwa amesoma tangazo langu kwa sauti, kwa Kisomali, akalirekodi na kulirusha, na ile sauti ndiyo iliyokuwa inakimbia. Wachungaji wetu wengi hawasomi, lakini wanasikiliza, na ujumbe wa sauti unaingia hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Tovuti ilibaki mjini. Sauti ilipanda malori ya maziwa ikaenda porini.

Kesho yake sikuandika kwamba mwenyewe ameshampata. Nilitaka kuandika, Mungu shahidi, lakini wageni walikuwa bado wanakuja na nikasema waache wafike idadi nzuri. Saa nne asubuhi simu ikalia, sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake upepo.

"Wewe ndiye uliyempata ngamia wa duara na mstari?"

Nikasema ndiyo. (Hapo. Hapo ndipo ningesema hapana.)

"Mungu akupe watoto wema. Mimi Kaltuma, niko upande wa Dagahaley, na chapa hiyo ni ya ukoo wetu. Ukame umenichukulia wote, nimebaki na huyo mmoja na mtoto wake ananyonya. Leo siku ya kumi na moja hajaonekana. Mtoto nampa maziwa ya kuomba kwa watu na hayamtoshi. Sikiliza, mwanangu, usiache kumkamua mama yake, maziwa yasije yakakauka, ukiacha mimi nimekwisha. Ninakuja na mtoto."

Nikasema, "Eddo, ngoja kidogo," maana eddo ni shangazi na ndivyo unavyomwita mama wa umri huo, lakini mtandao ulikatika. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga mpaka betri ikaisha. Basi nikajiambia watu hawapandishi ndama wa ngamia kwenye gari kwa sababu ya tangazo.

Kesho yake saa tano pikapu ya maziwa ilisimama mbele ya duka la Hodan, na katikati ya madumu ya njano alikuwa amefungwa ndama, miguu imekunjwa, kichwa juu, analia. Nyinyi mliolala karibu na ndama wa ngamia mwenye njaa mnaijua ile sauti. Mtaa mzima ulitoka. Eddo Kaltuma akashuka, mwanamke mrefu mkavu, fimbo mkononi, akanishika mikono yote miwili akaibusu kabla sijapata nafasi ya kuificha.

"Yuko wapi?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli, naapa. Lakini watu walikuwa wameshajaa, majirani, watu wa bodaboda, wanawake wa maziwa, wote wananitazama kwa macho ya sifa, mtu mmoja ananirekodi, na mimi katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Nikasema, "Yuko malishoni."

"Alhamdulillahi!" watu wakasema kwa pamoja.

Kati yao alikuwa Adeer Gedi, dalali wa zamani wa mnada, mzee mfupi ambaye mswaki hautoki mdomoni hata akizungumza. Adeer ni baba mdogo, na kwetu mzee naye hukurudishia jina lile lile unalomwitia, kwa hiyo akaniambia kwa upole kabisa, "Adeer, nina swali. Aliyeokota baadi haitangazi chapa. Anaificha, anamngoja mwenyewe aitaje, ndivyo anavyomjua mwenyewe na mwizi. Wewe umeitaja chapa yote mpaka na upande wa shingo. Nani alikufundisha?"

"Hiyo ni kanuni ya mtandao, adeer."

"Aa," akasema, akauhamisha mswaki upande wa pili. "Basi nenda ukamlete. Sisi tunangoja hapa. Hodan, chai."

Sasa nieleze nilichofanya, na msiniulize sababu kwa sababu sina. Nilipanda bodaboda mpaka nje ya mji, njia ya Modika, kwa rafiki yangu Muktar anayefuga ngamia wa maziwa, nikamwambia naomba ngamia mmoja jike kwa saa moja.

"Ngamia si pikipiki, waryaa," akasema, yaani wewe kijana. "Unamtaka wa nini?"

"Picha. Ya tovuti."

Muktar alikuwa amesikia kwamba tovuti yangu imekuwa maarufu, naye anapenda umaarufu kama mimi, akanipa ngamia wake mpole kuliko wote na kamba, akasema atatufuata akishavaa shati safi. Wazo langu lilikuwa kwamba huyu ngamia ana maziwa, ndama atanyonya ashibe, watu watafurahi watawanyike, na mimi nitabaki na eddo peke yetu nimwambie ukweli kwa utulivu. Ngamia ni ngamia, nikajiambia, ndama mwenye njaa atachagua nini?

Nikamvuta kutoka Modika hadi Iftin kwa mguu, jua la saa saba, na njia nzima watu waliungana nyuma yetu kama arusi. Mbele ya duka nikasimama, nikatunisha kifua, nikasema, "Huyu hapa."

Eddo Kaltuma alimtazama yule ngamia kuanzia kwato mpaka nundu, kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake unazimika polepole. Hakupiga kelele. Alimfungua ndama tu, labda kwa ile tamaa ya mwisho ambayo mtu huwa nayo hata macho yakishamwambia. Ndama akakimbia, akafika, akanusa paja, akanusa kiwele. Akageuza kichwa. Ngamia wa Muktar naye akamnusa mara moja, akamsukuma kwa teke ambalo lingempata vizuri, ila lilinipata mimi nyongani, nikakaa kwenye beseni la chapati za jirani.

Watu walicheka, tena sana, mpaka Adeer Gedi alipoinua mkono. Alikwenda shingoni kwa ngamia, upande wa kushoto hakuna kitu, akazunguka upande wa kulia.

"Hii ni chapa ya watu wa Muktar," akasema. "Mimi sijui hata kuandika jina langu, lakini hii naisoma. Mtu amesoma shule miaka sita akashindwa kusoma shingo."

Na Muktar mwenyewe akatokea wakati huo huo, shati jeupe, nywele zimepakwa mafuta, akauliza, "Picha bado?"

Sitawaeleza kicheko kilichofuata. Nilikiri pale pale, juu ya chapati, yote, kuanzia picha ya mnadani. Hodan alijifunika uso kwa shela yake akaingia ndani ya duka, na hilo liliniuma kuliko teke. Lakini aliyenimaliza ni Eddo Kaltuma, kwa sababu hakunitukana. Aliketi chini, akaanza kumpapasa ndama wake, akasema kama anazungumza naye, "Siku mbili nimepoteza. Siku mbili nilikuwa nimtafute, nikaacha kumtafuta kwa sababu amepatikana."

Hapo kicheko kikaisha. Maana ndivyo ilivyokuwa. Sikumpa uongo tu, nilimzuia kutafuta, na kila siku ilikuwa inakausha kiwele cha mnyama aliyebaki peke yake baina ya mama huyu na kwenda kupanga foleni ya mgao wa chakula kambini.

Wazee wakakaa papo hapo kwenye magunia ya Hodan. Kwa kawaida kosa la aina hii hulipwa kwa mnyama, lakini walipouliza nina nini, Hodan akajibu kutoka ndani, "Ana simu na viatu."

"Viatu vinatosha," akasema Adeer Gedi. "Adeer, umesema amepatikana. Nenda ukampate."

Ndama akabaki uani kwa Hodan, akinyweshwa maziwa kwa chupa (alikula pia shela mbili na kalenda), na Muktar, aliyekuwa na aibu ya shati lake, akaahidi kuleta maziwa kila asubuhi. Mimi na Eddo Kaltuma tukapanda pikapu ile ile ikirudi, tukashushwa porini upande wa kwao, tukaanza kutembea.

Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma. Sijui ana miaka mingapi ila sikumfikia hata mara moja. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya pili nilijaribu kumweleza kwamba kama kungekuwa na mtandao mzuri huku, kazi hii tungeimaliza tumekaa, naye akasema, "Tembea." Baadaye kidogo akaniuliza kile kiatu changu kimepasuka lini, nikasema jana, akachomoa kipande cha kamba akakifunga mwenyewe, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo.

Kila kisima tulichofika hadithi ilikuwa imetutangulia. Nilidhani nitakuwa mgeni asiyejulikana, nitaeleza tu rangi na chapa kwa heshima. Wapi. Mtu ananyosha shingo, ananitazama, anawaita wenzake.

"Huyu si yule wa Garissa? Wa ngamia wa picha?"

"Ndiye! Mtazame! Waryaa, teke lilikupata wapi?"

"Keti, keti, tusimulie mwenyewe. Mpeni maji kwanza, uongo unakausha koo."

Walikuwa na ujumbe wa sauti mpya sasa, mrefu, wenye kila kitu: duara, mstari, shingo ya kushoto, eddo, ndama, beseni, shati jeupe. Watu ambao tangazo langu la kwanza walilisikia nusu wakaliacha, huu waliusikiliza mpaka mwisho, wakaurudia, wakampelekea shemeji. Nami kila kisima nilisimulia tena, kwa sababu Eddo Kaltuma aliniambia nisimulie. "Sema," alikuwa anasema, akiegemea fimbo. "Usiruke mahali." Nikawa siruki mahali. Wakimaliza kucheka ndipo anauliza, "Sasa, nani amemwona?" Na wao, kwa kuwa wameshacheka, wanafikiri kweli kweli.

Siku ya tano, kwenye dimbwi moja lililobaki na maji ya rangi ya chai, mtu mmoja aliyekuwa ananywesha ngamia wake aliacha kucheka kabla ya wenzake.

"Mimi nina baadi," akasema. "Wiki mbili sasa yuko na wangu. Nilikuwa nangoja mwenyewe apite. Jana mke wangu alisikia kisa cha huyu mjinga, akacheka mpaka akamwaga chai, halafu akanyamaza, akasema, duara na mstari, si ndiyo ile iliyo kwa yule mgeni?" Kisha akamgeukia Eddo Kaltuma, uso umekuwa wa kazi. "Chapa kila mtu ameisikia, mama. Nipe alama ambayo haikusikika."

Eddo Kaltuma aliishika fimbo kwa mikono miwili. Nilimwona kwa mara ya kwanza ana hofu. "Sikio la kulia lina pengo," akasema. "Na hakubali kukamuliwa bila kuimbiwa."

Yule mtu akacheka, lakini kicheko kingine. "Ndiyo maana! Mke wangu ameng'ang'ana naye siku nne nzima mpaka akachoka akaanza kuimba."

Ngamia mwenyewe alikuwa mwekundu mwekundu, mnene kuliko nilivyomtarajia, anatutazama kwa dharau ile ile ya wenzake wote. Maziwa yalikuwa yamepungua lakini yalikuwepo, kwa juhudi za yule mke anayeimba. Eddo Kaltuma aliweka paji la uso wake kwenye shingo ya mnyama, juu ya ile chapa, akakaa hivyo muda mrefu, na sisi wanaume tukawa tunatazama maji. Kisha akaimba kidogo, akakamua kwenye kibuyu, akaninyooshea mimi wa kwanza.

"Kunywa," akasema. "Umenichosha sana. Uongo wako una miguu kuliko wewe."

Ndama alirudishwa na pikapu baada ya siku mbili. Tovuti niliifunga wiki iliyofuata, na niseme ukweli, siku niliyoifunga ilikuwa na wageni ambao sitawapata tena maishani, wote walikuja kutazama picha ya ngamia na uso wa aliyeitangaza. Yule ngamia wa dharau niliyempiga picha mnadani mwaka uliotangulia, sijui aliuzwa kwa nani, amekuwa maarufu kuliko sisi wote.

Nimeapa mbele ya Hodan kwamba neno "amepatikana" halitatoka kwangu mpaka mkono wangu uwe juu ya mnyama, na mwenyewe ameshafika, na ameshakula. Hodan alisema kiapo hicho ni kitu cha kwanza nilichokimaliza. Simu yangu haijaacha kulia, maana namba yangu bado imo ndani ya ule ujumbe wa sauti na ule ujumbe haufi. Juzi alipiga mwanamke wa Modogashe, akaniuliza kama mimi ndiye yule mwongo wa ngamia, nikasema ndiye, akasema vizuri, amepoteza mbuzi watatu, je, nimewaona?

"Hapana, eddo," nikamjibu. "Sijawaona." Sikuwahi kujua jibu hilo ni jepesi kiasi hicho.